Mbuzi Niliowafungua

Sikupendwa, na mimi sikuwapenda. Nianze hapo, mtu asije akadhani nasimulia habari za urafiki. Miaka ya tisini nilipelekwa kuwa msimamizi wa kituo cha kifua kikuu upande wa mto Tana, mwendo wa saa tatu kwa Land Rover kutoka Garissa mjini ukishuka kwenda Kotile. Siku hizo muuguzi wa bara akiona maneno Kaskazini Mashariki kwenye barua yake ya kazi, alitafuta kiti kwanza kabla ya kuendelea kusoma. Mimi nililia. Kisha nikakasirika, na ile hasira nikaifunga pamoja na mashuka yangu nikaenda nayo.

Kituo chenyewe kilikuwa ofisi ya mawe, stoo ya dawa, jiko la mabati, na nyuma ya jiko nyumba ishirini hivi za miti na mikeka ambamo wagonjwa walikaa. Kila mmoja alijengewa nyumba yake na watu wake siku ya kufika, kwa sababu mfugaji wa kule humlazi wadini akakaa. Walikaa miezi sita wakimeza dawa mbele ya macho yetu. Ukimpa mtu wa kuhamahama vidonge vya miezi sita aende navyo, atameza vya wiki tatu, kikohozi kitakatika, atasema amepona, na ugonjwa ukirudi unarudi mkali na dawa zile zile hazifui dafu tena. Kwa hiyo kazi yetu yote ilikuwa moja tu, mtu asiondoke kabla ya wakati wake. Akiondoka, kuna uwezekano mkubwa anakwenda kufa, na kabla ya kufa atawaambukiza wa nyumbani kwake.

Wafanyakazi niliowakuta walikuwa watatu. Dereva alishinda Garissa zaidi ya alivyoshinda kazini, kwa hiyo huyo simhesabu. Mpishi alikuwa mama mnene, mkimya, aliyenitazama kila asubuhi kama mtu anayetazama mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake. Na kulikuwa na mhudumu mkuu, mzee wa ndevu zilizopakwa hina, aliyekuwa pale tangu kituo kifunguliwe. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kufagia na kuteka maji. Wagonjwa wote walimwita adeer, yaani baba mdogo. Mimi waliniita sista wa Kenya, maana kule mtu akisafiri kwenda Nairobi husema anakwenda Kenya, na aliyetoka huko ni mgeni wa kutoka Kenya hata kama picha ya rais inaning'inia juu ya kichwa chake.

Aliyenitangulia aliondoka kabla sijafika. Hakunikabidhi chochote ila funguo na kipande cha karatasi alichoandika, "Kila kitu kinaenda vizuri. Muulize mzee." Nilikisoma nikakitupa. Nimesoma miaka yangu yote, nina cheti na kofia, halafu nimuulize mfagizi.

Asubuhi ya kwanza nilifika mezani saa mbili kamili, nguo imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Hapakuwa na mtu.

"Wagonjwa wako wapi?" nilimuuliza mzee, aliyekuwa anafagia barazani.

"Wamekunywa dawa."

"Saa ngapi?"

"Baada ya sala ya alfajiri."

"Nani aliwapa?"

"Mimi."

Alisema hivyo bila hata kusimamisha ufagio. Damu ilinipanda. Mtu asiyejua kusoma anagawa dawa za kifua kikuu, na anasema waziwazi, wala hana wasiwasi. Nilimwambia anipe ufunguo wa stoo. Aliuvua shingoni, akauweka mezani, akaendelea kufagia.

Kuanzia siku hiyo dawa ikawa saa mbili, kwa mkono wangu, kwenye foleni. Saa mbili jua la kule tayari limeshika moto. Wagonjwa walikuwa wamekaa tangu alfajiri bila kitu tumboni wakinisubiri, na vile vidonge kwenye tumbo tupu vinachafua moyo, basi walikuwa wakimeza, wanapiga hatua mbili tatu, wanatapika. Mzee alileta mchanga kwa karai akafunika matapishi, mtu baada ya mtu, polepole, kwa uangalifu wa kunitukana. Nilijua ananitukana. Nilijitia hamnazo, nikaendelea kuita majina.

Nilitaka kujua kituo kinavyoendeshwa, hilo nalisema kwa haki yangu. Lakini nilitaka kujua kwa njia yangu. Nilimkalisha ofisini na daftari jipya mbele yangu nikamwambia anieleze kazi zote zinazofanywa, moja baada ya nyingine, niziandike.

"Kazi iko," alisema.

"Najua iko. Ipi?"

"Sista, hiyo haiandikwi. Kaa, angalia. Mwezi moja, mbili. Utaona."

Niangalie! Mimi ndiye msimamizi, naambiwa nikae pembeni nitazame mambo kama mtoto aliyepelekwa kwa shangazi. Nilimwambia atoke. Alitoka, na nikamsikia jikoni akizungumza Kisomali na mpishi, kisha mpishi akacheka, na kwa kuwa sikujua hata neno moja la lugha yao nilichukua kila kicheko kuwa changu.

Mara nyingine kilikuwa changu kweli. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mwanamke kijana, mrefu, mwembamba mpaka mabega yanaonekana kwenye shuka, ambaye alikuwa na miezi mitatu pale na ameanza kupata nguvu. Nguvu zake za kwanza alizitumia kuniigiza. Alikuwa akitembea mbele ya wenzake kidevu juu, makalio nyuma, anajifanya anavaa glavu kama zangu, anaita majina kwa lafudhi yangu. Niliwahi kumfuma. Hakuacha. Alimalizia hatua zake hadi mlangoni kwake, akainama, akaingia. Nilimchukia yule mwanamke, sina haja ya kulipaka jambo hili asali.

Wiki ya tatu ndipo nilipogundua mbuzi. Nilikuwa nikisikia milio nyuma ya jiko nikidhani ni wa wanakijiji. Siku hiyo nilizunguka, nikakuta zizi la miiba na ndani yake mbuzi kumi na tisa, majike watupu, wa maziwa, kila mmoja na kitambaa cha rangi yake shingoni. Nilimuuliza mpishi ni wa nani.

"Ya wagonjwa."

"Mbona wako kwenu?"

"Mzee ndio anashika."

Nilimwendea mzee. Nilimkuta ameketi anakunywa chai, na chai ile ilikuwa nyeupe kwa maziwa. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha.

"Wagonjwa wanakupa mbuzi?"

"Wakija, wanaleta. Kila mtu moja. Wakipona, wanachukua."

"Na asiyekuwa na mbuzi?"

"Watu wake wanatafuta. Bila mbuzi, hakai."

"Na maziwa anakunywa nani?"

"Maziwa ni ya dawa," alisema. Aliona jicho langu kwenye kikombe. "Na kidogo ya mimi."

Nilisikia nilichotaka kusikia. Mfagizi anadai mbuzi kwa watu wanaotema damu, la sivyo hawapati matibabu ya serikali yanayotolewa bure. Na kumbe hata aliyenitangulia alikuwa anajua akafumba macho, ndiyo maana ya "muulize mzee". Wallahi, nilifurahi. Nilikuwa na wiki tatu nazunguka nikitafuta kosa la kumshika nalo, na sasa limejileta lenyewe, linalia mee.

Jumatatu nilikusanya wagonjwa wote mbele ya zizi. Nilikuwa na daftari la majina mkononi. Mzee aliponiona nakwenda kwenye mlango wa miiba alinijia haraka, mara ya kwanza namwona anafanya jambo haraka.

"Sista, mbuzi haifunguliwi hivyo. Ngoja nikuambie."

"Nimesikia ya kutosha."

"Mbuzi ikifunguliwa na mkubwa wa hapa..."

"Nyamaza," nilimwambia, mbele ya watu wote, mbele ya wagonjwa waliomwita baba mdogo. "Nimesema unyamaze."

Alinyamaza. Alirudi nyuma hatua mbili, akafumbata mikono, akanitazama. Nimeufikiria ule mtazamo miaka mingi. Angeweza kupaza sauti, angeweza kuwaambia kwa Kisomali wasishike kamba. Hakufanya hivyo. Alinipa nafasi nijimalize mwenyewe, na mimi nikaichukua kwa mikono miwili.

Niliita jina la kwanza. Nilimfungua mbuzi wa huyo, nikamkabidhi kamba. Niliita la pili. Watu walitazamana. Mzee mmoja mgonjwa aliniuliza kitu nami nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, chukua, ni wako. Machozi yakamtoka. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Basi ikawa sherehe. Wengine wanainua viganja wanasoma dua, wengine wananishika mabega, na yule mwanamke aliyekuwa akiniigiza, nilipomkabidhi mbuzi wake mweusi mwenye kitambaa cha kijani, aliushika mkono wangu akaubusu. Nilikosa pa kuangalia. Niliingia ofisini nikajimiminia chai nikajiambia, haya sasa, wamejua mkubwa ni nani, na wamenipenda.

Kabla ya adhuhuri nilisikia mikeka ikivutwa. Nilichungulia dirishani. Nyumba nane tayari zilikuwa chini, mikeka imekunjwa, miti imefungwa kwa kamba juu ya punda. Nilikimbilia jikoni.

"Wanaenda wapi hawa?"

Mpishi alinitazama kwa mshangao wa kweli, nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kunitazama kama binadamu. "Nyumbani. Si umesema wamepona?"

"Nani kasema?"

"Umefungua mbuzi."

Alinieleza jikoni pale pale, huku akikoroga sufuria. Mbuzi hakuwa hongo. Mbuzi alikuwa rehani ya mtu. Mgonjwa anapofika, watu wake wanaacha mbuzi mwenye maziwa, na mbuzi huyo hatoki zizini mpaka dawa ziishe. Mfugaji ambaye angekimbia akiacha vidonge hakimbii akiacha mbuzi wake. Kila alfajiri baada ya sala mzee anakamua, anachemsha, na kila mgonjwa anamezea dawa maziwa ya mbuzi wake mwenyewe ili tumbo lisikatae. Miezi sita ikitimia, sista anakwenda zizini, anamfungua mbuzi kwa mkono wake, anampa mgonjwa kamba. Hakuna cheti, hakuna barua. Kamba ikishikwa, umepona, na watu wako wanakwenda kumchinja yule mbuzi kwa shukrani. Mimi nilikuwa nimewaponya watu kumi na tisa asubuhi moja.

Nilitoka nje nikawazuia kwa mikono, nikapiga kelele kwa Kiswahili ambacho wengi hawakukielewa. Walitabasamu. Walinibariki tena. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya tangu wiki iliyopita, na mvua ikianza watu wa mtoni wanakimbia mbung'o, wanahamia mbali na mto kwenye nyasi mpya, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haraka ya kuwafikia watu wake. Saa tisa alasiri palibaki zizi tupu na alama za majivu.

Mzee alikuwa anafagia.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Uliniambia ninyamaze."

"Ulijua watakufa."

"Nilijua. Na wewe pia ulijua, kama ungesikiza." Aliegemeza ufagio ukutani. "Mimi nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, Sista. Amri naijua. Umeniambia nyamaza, nimenyamaza."

Nilimwita muuaji. Alinijibu kwa Kisomali, na sikuhitaji mkalimani. Nilijifungia ofisini, nikachukua karatasi nikaandika barua kwa mkubwa wangu Garissa, kwamba mhudumu huyu ameihujumu kazi yangu kwa makusudi na kwamba siwezi kufanya kazi naye. Ama aondolewe yeye, ama nihamishwe mimi. Katika barua yote sikuandika kwamba mbuzi niliwafungua mimi. Niliikimbiza kwenye lori lililokuwa linapita kwenda mjini, nikampa utingo mkononi. Kisha nikafungua daftari, nikaandika neno moja mbele ya majina yote kumi na tisa: mtoro.

Mzee hakuniaga. Kulipokucha nilikuta ameondoka kwa miguu na kibuyu cha maji. Siku ya tatu alirudi na wagonjwa wanne na mbuzi wanne. Akalala, akaondoka tena. Alijua nani ni shemeji ya nani, kisima cha fulani kiko wapi, mke wa pili wa fulani anahamia upande upi mvua ikinyesha. Yote hayo niliyotaka kuyaandika kwenye daftari jipya yalikuwa kichwani mwake, na yalikuwa na miguu. Ilipotimia wiki mbili alikuwa amewarudisha kumi na wanane. Nilifuta neno mtoro mara kumi na nane kwa wembe, nikirarua karatasi. Sikumshukuru, wala yeye hakungoja shukrani. Ufunguo wa stoo niliuweka mezani asubuhi moja, akauchukua, akauvaa shingoni. Dawa ikarudi alfajiri.

Aliyebaki alikuwa yule mwanamke.

"Wako mbali, ng'ambo ya Kotile," mzee aliniambia. "Na huyu hawezi kurudi na mimi."

"Kwa nini?"

"Wamechinja. Watu wamekula. Akirudi na mimi, watasema mke wa fulani ana ugonjwa haitoki. Lazima aliyefungua aende mwenyewe."

Nilikwenda. Dereva alipatikana, na askari wawili wa utawala walipanda nyuma na bunduki zao, maana njia ile haikupitwa hivi hivi. Tulikwama kwenye tope mara mbili. Safari ilichukua siku nzima.

Tuliwakuta wameshusha mizigo mahali penye majani mapya mafupi, nyumba tano, ngamia wamepigishwa magoti. Yule mwanamke alikuwa anasuka kamba mlangoni. Alikuwa amevaa vizuri, amepakwa hina miguuni. Aliponiona hakusimama. Alikohoa, akafunika mdomo kwa shuka, na nilipoisikia ile sauti ya kifuani nilijua muda tulionao si mwingi.

Tulikalishwa kwenye mkeka: mimi, mzee, mume wake, na mama mkwe, mwanamke wa macho makali ambaye ndiye aliyekuwa na neno pale. Tulipewa maziwa ya ngamia. Nilianza kusema, mzee atafsiri.

"Waambie kumetokea kutoelewana kidogo kule kituoni."

Mzee alinitazama. "Hiyo haina Kisomali."

"Basi waambie utaratibu haukufuatwa."

"Hiyo pia haina."

Nilitaka kumzaba kofi. Askari walikuwa wanatazama, dereva anatazama, na yule mwanamke ameacha kusuka. Mzee alikaa tu, mikono juu ya magoti, kama mtu asiye na haraka maishani. Nilielewa kwamba hatafungua kinywa mpaka niseme lile analotaka, na kwamba amelisubiri tangu siku ile ya zizi. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Waambie hajapona," nilisema. "Waambie mimi ndiye niliyekosea. Mzee alinikataza nikamnyamazisha. Nilimfungua mbuzi bila kujua maana yake, na asiporudi atakufa."

Alitafsiri. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyosema, na sikujua ameongeza nini. Mume aliinamisha kichwa. Mama mkwe akanigeukia akasema mambo kwa sauti ya chini, kidole kimenielekea.

"Anasema, wao waliacha mbuzi," mzee alisema. "Wewe ukafungua. Sasa hawaachi tena kitu. Safari hii nyinyi ndio mnaacha. Unaacha nini?"

Nilivua saa yangu ya mkono nikaiweka mkekani. Mama mkwe hata hakuitazama.

"Saa utanunua ingine," mzee alitafsiri. "Anasema, watu wa Kenya hapa hawakai. Wanakuja, wanahesabu siku, wanaenda. Anataka wewe ukae. Mpaka siku huyu msichana wake atapona, wewe pia uko ndani ya zizi. Hutoki kabla yake."

Barua yangu ilikuwa Garissa tayari. Niliikumbuka pale pale, maneno yake yote, ama yeye ama mimi. Niliikumbuka nikiwa nimefungua mdomo kujibu.

"Sawa," nilisema.

"Sema kwa Mungu wako."

"Haki ya Mungu, sitaondoka kabla yake."

Yule mwanamke alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kifurushi kidogo. Alipanda nyuma ya Land Rover kati ya askari wawili bila kungoja kuambiwa, na njia nzima alikohoa ndani ya shuka.

Tulimwanzishia dawa upya, kutoka siku ya kwanza, pamoja na sindano. Hakukosa hata alfajiri moja. Alimezea maziwa ya mbuzi wa mzee mwenyewe, maana wa kwake alikuwa ameliwa. Mimi nilisimama pembeni nikiangalia, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo, na niliona mengi. Akishameza alinigeukia, anafungua kinywa, ananitolea ulimi kuonyesha hakuna kidonge kilichofichwa, na anauacha nje zaidi ya ilivyohitajika. Wenzake walicheka kwenye mashuka yao. Nami niliandika alama yangu kwenye chati nikaendelea.

Kila wiki lori lilipita kwenda Garissa. Ningeweza kuandika mistari miwili tu: naomba barua yangu ya kwanza ipuuzwe, nitakaa. Karatasi ilikuwepo, kalamu ilikuwepo, utingo alikuwa yule yule. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Ukweli ni kwamba sikutaka kuandika. Nilikuwa nimechoka na joto, nimechoka na chumvi ya maji ya kisima, nimechoka kuchekwa kwa lugha nisiyoijua, na nilikuwa nikitumaini kimya kimya kwamba watanihamisha na lawama iwe yao.

Jibu lilikuja mwezi wa tatu wa dawa zake. Nilihamishwa, nirudi hospitali ya wilaya bara, karibu na kwetu, na niripoti katika siku kumi na nne. Mwanamke yule alikuwa amebakiza nusu ya dawa zake. Bado kulikuwa na nafasi ya kukataa. Watu walikataa uhamisho kila siku wakakubaliwa, hasa kukataa kutoka sehemu ile, nani angenibishia. Nilimwonyesha mzee barua nikamwambia ni amri ya serikali.

"Amri naijua," alisema, akanirudishia.

Kama alimaliza dawa, kama aliishi, sijui. Sikuwahi kuandika kuuliza. Mwanzoni nilijiambia nina kazi nyingi, baadaye nikaona aibu, na sasa nimestaafu na yule mzee aliyeniongoza hadi kwenye ule mkeka bila shaka hayupo tena duniani.

Niliondoka asubuhi, baada ya dawa. Dereva alikuwa amepakia sanduku langu na mashuka. Mpishi hakutoka jikoni. Mzee alikuja kufunga turubai la nyuma, kwa sababu ilikuwa kazi yake, na yule mwanamke alikuja nyuma yake polepole, kikombe cha maziwa bado kimo mkononi. Alikuwa ameongeza mwili kidogo usoni. Hakuigiza kitu, wala hakunitolea ulimi. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni, akasema neno fupi.

"Anasema nini?" nilimuuliza mzee.

"Anauliza kama umepona."

Nilifunga mlango, nikamwambia dereva twende.